Pimbi na Kiti cha Mgeni Rasmi

Aliyenisimulia kisa hiki kwanza ni shangazi yangu Sikudhani, dada mkubwa wa baba. Kila alipofika mahali ambapo Pimbi anarudishwa nyumbani, aliacha kazi iliyokuwa mkononi mwake na kusonya, kama kwamba yeye ndiye aliyerudishwa. Nami nitawasimulia ninyi, wanangu, kama alivyonisimulia. Sogeeni karibu.

Katika siku za kale sana, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko na vikao kama sisi, palikuwa na mama mmoja mdogo wa mwili, jina lake Pimbi. Aliishi na watoto wake wawili katika ufa wa jiwe. Wakati wa kiangazi ufa ule ulikuwa mzuri. Lakini masika yakifika, maji yalipenya juu na kudondoka, to, to, to, mpaka kwenye matandiko. Watoto walikohoa bila kupumzika. Masika yaliyopita, nusura yule mdogo asipone.

Katika bonde lile kulikuwa na tamasha la michezo ya kuigiza kila mwaka. Halikuwa tamasha la mfalme wala la tajiri yeyote. Wanyama wenyewe walilianzisha, wakafyeka uwanja na kujenga jukwaa la magogo. Kila kundi lilileta mchezo wake, na watazamaji ndio waliokuwa waamuzi. Kila mmoja alitia jani lake katika kapu la kundi alilolipenda.

Mwaka huo Korongo, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka mabonde yote na habari za tamasha, alileta tangazo la nafasi mpya. Kiongozi wa kundi litakaloshinda angepewa chumba katika nyumba ya tamasha, nyumba ya matofali isiyovuja. Angekaa humo masika yote, akiwafundisha watoto wa bonde kuigiza.

Korongo aliikabidhi kamati tangazo hilo ili ilisambaze, akaruka kwenda zake. Kamati ilikuwa na wanyama watatu, wote wakubwa: Kiboko alikuwa mwenyekiti, Nyati katibu, na Kifaru mjumbe. Kiboko alilisoma tangazo, akalikunja, akaliweka chini ya birika lake la chai ili meza isiungue. Likakaa hapo siku kumi.

Pimbi asingejua lolote kama si jirani yake Kindi. Kindi alipita dirishani kwa Kiboko akitafuta karanga, akaliona tangazo, akalisoma lote. Alikuja mbio, akaeleza kila neno huku akihema.

“Chumba kikavu, shoga,” alisema. “Na kazi ya kufundisha watoto kuigiza. Wewe si kila jioni unawaigizia watoto wa majirani? Nenda kajiandikishe.”

Pimbi alijifunga kanga yake vizuri, akaenda kwa Kiboko. Kiboko alimwambia fomu hazijafika, aje kesho. Kesho yake fomu zilikuwepo, zimerundikana pale pale mezani, lakini zilitakiwa kupigwa muhuri, na muhuri ulikuwa kwa Nyati. Nyati naye alikuwa amekwenda kuoga tope. Siku ya tatu Nyati alipatikana, ila hakuweza kupiga muhuri kabla Kifaru hajaweka sahihi. Kifaru alimsikiliza Pimbi huku akitafuna, akasema hawezi kuweka sahihi kwenye karatasi isiyo na muhuri. Pimbi aliuliza kwa adabu ni kipi sasa kinachotangulia. Kifaru akajibu kwamba hilo ni swali la mwenyekiti.

Siku ya nne Pimbi alirudi kwa Kiboko, miguu imevimba, mtoto yuko mgongoni. Kiboko alikunywa chai kwanza. Kisha akasema kamati imekaa na kupitisha sheria mpya. Kundi lisilo na waigizaji watano jukwaani halitapokelewa.

“Sheria hiyo imepitishwa lini, mheshimiwa?”

“Jana jioni.”

“Jana jioni nilipita hapa. Ulikuwa umelala.”

“Mwenyekiti halali, mama,” alisema Kiboko. “Mwenyekiti anafikiri.”

Pimbi alizunguka bonde zima akitafuta waigizaji. Kindi alikubali mara moja, kwa hiyo wakawa wawili. Kobe alisema angependa sana, lakini ana ombi lake la kiwanja kwa Kiboko na hataki kumuudhi. Nungunungu naye alikuwa na ombi. Kanga alikuwa na maombi mawili. Wote walimpa pole na kufunga milango yao.

Alirudi nyumbani, akakaa mlangoni akisugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha takata. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa milima. Zilibaki siku tatu tu kabla ya tamasha. Kindi alimshauri waache, kwani wakubwa wale wangemchosha mpaka azeeke.

Pimbi alisugua na kusugua. Halafu akaweka sufuria chini.

“Kindi, umewahi kuona shughuli ikianza kabla mgeni rasmi hajafika?”

“Sijawahi. Hata ubatizo wa mtoto wa Ngiri tulimsubiri mpaka chakula kikachacha.”

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya bonde lile. Kila shughuli ilikuwa na mgeni rasmi. Alikalia kiti kikubwa, alihutubia kwa kadiri alivyopenda, na hakuna aliyekula wala kunywa kabla yake. Tamasha peke yake halikuwa na kiti hicho, kwa sababu walioliandaa walikuwa wamechoka kusubiri. Jambo hilo liliwauma sana Kiboko, Nyati na Kifaru. Kila mwaka walikaa chini kwenye nyasi, pamoja na sungura na panya.

Asubuhi Pimbi alikwenda kwa Kiboko tena. Safari hii hakutaja fomu. Alimweleza kwamba ana mchezo wa mwisho wa siku, na juu ya jukwaa, mbele ya macho ya wote, kutakuwa na kiti kikubwa chenye maua. Angependa Kiboko akikalie kama mgeni rasmi. Kuna hotuba pia, akipenda.

Kiboko aliweka kikombe chini. “Hotuba ndefu?”

“Kadiri upendavyo, mheshimiwa. Tatizo ni kwamba sijaandikishwa. Asipoandikishwa mwenye mchezo, kiti hakitakuwepo.”

“Na wale waigizaji watano?”

“Watakuwepo jukwaani. Wasipofika, nifukuze mbele ya watu wote.”

Kiboko akamwandikisha pale pale, chapuchapu. Ikajulikana kwamba fomu haikuhitaji muhuri wowote. Pimbi akamwomba jambo moja tu, asiwaambie wenzake, wasije wakaona wivu. Kiboko alisema yeye si mtu wa maneno.

Kutoka hapo Pimbi alikwenda kwa Nyati, akamwambia vivyo hivyo kuhusu kiti, maua na hotuba. Kisha akaenda kwa Kifaru. Kila mmoja aliahidi kunyamaza, na kila mmoja akaanza kusafisha pembe au meno yake.

Siku ya tamasha uwanja ulijaa. Makundi yaliigiza tangu asubuhi, moja baada ya jingine. Jua lilipoanza kushuka, Korongo, aliyekuwa amerudi kusimamia tamasha, aliita kundi la mwisho. Juu ya jukwaa palikuwa na kiti kikubwa kilichopambwa kwa maua. Kando yake palikuwa na kisima cha kuigiza, chungu tu kilichozungushiwa mawe, kimefungwa utepe wa jani la mgomba. Pimbi alisimama kando ya kiti. Kindi alisimama kando ya kisima, ameshika ndoo, ulimi nje.

Kindi aliomba kunywa maji. Pimbi akamjibu kwamba haiwezekani, kisima hakijazinduliwa. Wamsubiri mgeni rasmi akate utepe.

“Yuko wapi?”

“Amesema yuko njiani.”

“Alisema hivyo asubuhi.”

Watazamaji walianza kucheka kidogo kidogo. Kila mmoja wao alikuwa amewahi kukaa na kiu ya namna ile. Wale wawili waliangalia njia, wakakaa, wakasimama, wakaangalia tena.

Kiboko alikuwa amejificha nyuma ya kichaka muda wote huo, maana hakutaka kuonekana amewahi. Alipoona amesubiriwa vya kutosha, alipanda jukwaani taratibu, magogo yakilia kri, kri. Akakaa kitini, akakohoa.

“Nimefurahi sana,” alianza, “kuwa mimi peke yangu—”

Nyati akapanda, shada la maua shingoni. Alitazama kiti, akamtazama Kiboko, akasema bila shaka mwenyekiti amepotea, kwa sababu mgeni rasmi wa leo ni yeye. Kiboko alimwambia katibu hawezi kuwa mgeni rasmi mwenyekiti akiwa hai. Nyati akauliza imeandikwa wapi. Hawajamaliza, akapanda Kifaru na furushi la majani ya mgomba, yote yameandikwa hotuba.

“Inukeni,” alisema Kifaru. “Mnakalia kiti cha wenyewe.”

Watazamaji walikuwa wameshika mbavu. Wale watatu waliwasikia wakicheka na kupiga makofi, wakaona bonde linawashangilia. Basi kila mmoja akazidi kujitanua. Kiboko hakuinuka. Nyati akakaa juu ya mkono wa kiti. Kifaru akajipenyeza upande wa pili na kuanza kusoma. Alisema “kwa hayo machache” mara nne, na kila mara akafungua jani jingine.

Pimbi aliwapepea. Aliwafuta jasho. Aliwaomba kwa heshima zote, wakubwa wake, wakate tu utepe, watu wana kiu. Hakuna aliyemsikia. Kindi alizidi kulegea pale kisimani, akapiga magoti, akalala chali na ndoo kifuani.

Kiti kikavunjika. Kra, kisha pu! Wakubwa wote watatu wakajikuta sakafuni, bado wanabishana nani alikaa kwanza. Hapo Kindi akainuka polepole, akawatazama, akatazama kisima. Akaukata utepe kwa meno, akachota maji, akanywa mpaka ndoo ikabaki tupu. Pimbi naye akanywa. Wote wawili wakawainamia watazamaji.

Vigelegele vilichukua muda mrefu kutulia. Kiboko alijikung’uta, akamwita Pimbi.

“Sasa, mama, mchezo wenyewe utaanza saa ngapi?”

“Umekwisha, mheshimiwa,” alisema Pimbi. “Mmeigiza vizuri sana.”

Kicheko kikaanzia nyuma, kwa panya, kikaja mpaka mbele kwa twiga.

Kiboko alivimba. Alisema huo ni udanganyifu, kundi lile lina waigizaji wawili tu, na kwa mujibu wa sheria lifutwe. Korongo alipanda jukwaani kwa miguu yake mirefu. Alisema yeye amehesabu watano.

“Au mheshimiwa unatuambia,” aliuliza, “kwamba ulikuwa unaigiza na hukujua?”

Macho yote yalimwelekea Kiboko. Kusema alijua, Pimbi ameshinda. Kusema hakujua, angeitwa mjinga mpaka kwa wajukuu. Alimtazama Nyati, na Nyati akaangalia magogo. Alimtazama Kifaru, ambaye alikuwa akiokota majani yake.

“Nilijua tangu mwanzo,” alisema Kiboko.

Nyati akasema yeye alijua hata kabla ya Kiboko. Kifaru akasema kwa kweli wazo lote lilikuwa lake.

Basi watazamaji wakapita mmoja mmoja na majani yao. Kapu la Pimbi lilijaa, likamwagika, ikabidi Kobe na Nungunungu waazime ndoo ya Kindi. Korongo alimkabidhi Pimbi ufunguo wa chumba mbele ya wote, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kudondoka watu wakiwa bado uwanjani.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: anayependa sana kutazamwa hajiulizi watu wanatazama nini.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa inanyesha kweli kweli. Pimbi alibeba matandiko, sufuria na watoto wake wawili, akahamia katika nyumba ya tamasha. Siku hiyo hakumfundisha mtu. Aliwalaza watoto kwenye sakafu kavu, akasikiliza kifua cha mdogo, akafunga mlango kwa ufunguo, naye akajilaza. Baadaye kidogo Kiboko alikuja kubisha hodi, akitaka kujua kama katika mchezo ujao kuna nafasi yake. Alibisha mara tatu. Pimbi alimsikia vizuri, akajifunika kanga mpaka kichwani, akalala mpaka adhuhuri.