Mahali Bahari Inapopanda Mtoni

"Asiyeuliza jina hunywa chumvi," alisema Mwalimu Tenga alipowakuta vijana wakibishana kuhusu jina jipya la mtaa wao. Vijana wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Mwalimu, aliyefundisha historia miaka thelathini, akavuta kiti na kusema: Methali hii ilianza hivi.

Zamani, Waingereza walipoanza kuvuka bahari kwenda kujenga makoloni Amerika, kulikuwa na mchora ramani aitwaye Hugh Pennock. Alisafiri na mkewe, Edith, katika merikebu ya watu themanini chini ya Kapteni Dunstone. Matajiri waliowatuma waliwaagiza mambo mawili: jengeni mji, na kila mtakachokiona kipeni jina.

Kapteni alilipenda agizo la pili kuliko la kwanza. Walipoingia katika mto mpana, mwisho wa majira ya baridi, alisimama sitahani akigawa majina kama mtu anayegawa kashata harusini. Rasi akaipa jina la mwana wa mfalme. Kilima akakipa jina la tajiri aliyelipia safari. Mahali pa kujenga, penye kina cha kutosha merikebu kusogea mpaka ukingoni, akapaita Mfalmeni. Hugh aliyaandika yote kwa wino mweusi, ila moyo wake haukutulia. Aliona moshi na mashamba mbali juu ya mto, lakini pale walipochagua hapakuwa na hata kibanda. Kwa nini wenyeji wapaache mahali pazuri namna ile?

Mwanamke mmoja wa nchi hiyo, Askoma, alikuwa akija kwa mtumbwi kubadilisha mahindi kwa shoka na sufuria za shaba. Kila akishuka alielekeza kidole ardhini na kusema, "Sekapok." Hugh, aliyekwisha kuokota maneno machache ya lugha yake, alimwomba kapteni ruhusa ya kuuliza maana.

"Ya nini?" kapteni alimjibu. "Hapa pana jina tayari, tena la mfalme. Unataka niandike London kwamba tunakaa Sekapok?"

Hugh akarudi kwenye ramani yake, swali lake halijaulizwa.

Kiangazi kikaja. Mvua zikakatika, mto ukapungua, na maji waliyoteka yakawa na ladha ngeni. Mwanzoni walilaumu mapipa. Kisha midomo ikapasuka, miguu ikavimba, homa zikaanza. Walikwisha kuzika watu kumi na tisa, na bado kapteni alikuwa akiongeza majina ya vijito kwenye orodha yake. Hugh hakuweza kukaa. Tangu asubuhi alitembea ukingoni, akionja maji hapa, akionja pale, akirudi kumtazama Edith, akitoka tena. Siku Edith aliposhindwa kusimama, Hugh aliingia mtoni mpaka magotini kuungoja mtumbwi wa Askoma.

"Sekapok," alimwambia kwa lugha ya kuungaunga. "Maana yake nini?"

Askoma aliweka kasia chini. "Leo ndiyo unauliza?"

"Nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. Mke wangu anakufa."

"Ni mahali bahari inapopanda mtoni wakati wa jua kali," alisema polepole, akionyesha kwa mkono jinsi maji yanavyopanda. "Wazee wetu walipaita hivyo ili hata mtoto akilisikia jina ajue: mvua zikiwapo kunywa, jua likikaza ondoka. Kila nikija niliwaambia. Nilidhani mmesikia, mkaamua kubaki."

Hugh alishika ukingo wa mtumbwi. "Maji matamu yako wapi?"

"Juu, kwenye chemchemi yetu. Mlete mkeo, walete na wagonjwa. Ila majina yenu yaacheni huku. Chemchemi yetu ina jina lake."

"Sitaandika lingine," Hugh alisema.

Alikwenda moja kwa moja kwa kapteni, ambaye midomo yake mwenyewe ilikuwa inatoka damu, akamweleza yote.

"Atakayeiacha Mfalmeni ni msaliti," alisema kapteni.

Hugh akaitandaza ramani mezani. Akachukua kisu chake cha kukwangulia wino, akalikwangua jina la Mfalmeni mpaka karatasi ikatoboka kidogo, na pembeni yake akaandika Sekapok. "Utaninyonga nikirudi," akasema. Akambeba Edith mgongoni. Watu arobaini wakamfuata, wengine wakikokotana.

Siku ya tatu ya kunywa maji ya chemchemi ndipo Edith alipotamka neno, na neno lenyewe lilikuwa kuomba maji mengine. Siku ya tano mtumbwi ulifika ukiwa umembeba Kapteni Dunstone, hawezi hata kuinua kichwa. Askoma alimshikia kibuyu. Kapteni akanywa mpaka tone la mwisho, kisha akaitazama miti, na moshi, na wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi. Hugh alisimama mbele yake akingoja amri, au laana.

"Pennock," kapteni alinong'ona, "hapa wanapaitaje?"

Tangu hapo, kila merikebu ngeni ilipotia nanga katika mto ule, waliookoka waliteremka ukingoni kuilaki. Kabla mizigo haijashushwa, waliwaambia wageni: Asiyeuliza jina hunywa chumvi.