Utando wa Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kamati nyingi kuliko vyungu vya jikoni, Bi Pimbi aliishi pangoni na mapacha wake. Jirani yao alikuwa Chatu. Chatu ana vishimo mdomoni, na kwa hivyo huona mwanga wa joto, ule ambao macho yetu hayauoni. Jifiche gizani utakavyo, kwake unang'aa kama kaa la moto.

"Wanao wamenenepa, jirani," Chatu alisema asubuhi moja. "Jioni nitapita niwasalimu."

Pimbi mbio, hadi kamati ya usalama.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema upesi," alijibu Mzee Faru.

Pimbi akaeleza.

"Jenga ukuta mnene! Unene ndio usalama."

"Tuliujenga, Mzee. Ukashika joto letu, ukang'aa wote. Chatu akaubomoa, akammeza mume wangu."

"Basi haukuwa mnene vya kutosha. Kikao kimefungwa!"

Pimbi akapanda kilimani. Huko kulikuwa na jiwe jeusi laini, kama lile la ndani ya penseli zenu. Akalibandika ulimbo, ule utomvu unaonata, akaubandua, pwaa! ukatoka na ganda la jiwe. Akalibandua na ganda lenyewe, tena na tena, hadi ukabaki utando mwembamba usioweza kupunguzwa zaidi.

Faru akapita, akacheka. "Kwa-kwa-kwa! Nzi akipiga chafya, kwisha!"

"Ndiyo, Mzee."

Pimbi akausugua utando kwa manyoya yake, ts! ts!, akichora njia. Alijua mwanga wa joto ukiugusa hujikunyata, ukawa viwimbi vinavyotambaa juu yake na kufuata palipochorwa. Akautandaza mlangoni. Ncha ya pili? Kando ya pango Faru alikuwa amelala usingizi wa baada ya kikao, amejipaka matope baridi kama kichuguu. Akaibandika mgongoni pake, taratibu.

Jioni Chatu akaja. Mlangoni, giza tupu. Pale kwenye kichuguu, mng'ao mtupu!

"Kumbe mmehamia huku!"

Chwaa! Akauma kwa nguvu zote. Kakakaka! Meno yote chini.

"Uwiii! Mgongo wangu!" Faru akatimua mbio, mkia wa Chatu umemzonga mguu, Chatu akiburuzwa nyuma yake hadi ng'ambo ya mto. Mwaka mzima Chatu alikunywa uji.

"Ulisema kweli, Mzee," Pimbi aliita toka mlangoni, mapacha wakichungulia. "Unene ndio usalama!"

Kesho yake Faru alitangaza kwamba kamati imemshinda Chatu, akapigiwa makofi.

Basi wanangu, ukidharau kitu kwa wembamba wake, usishangae kikikufikia mgongoni bila wewe kujua.