Fisi Aliyehukumiwa na Chiriku

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ukungu, ukatanda bonde zima. Sogeeni karibu, msije mkapotea.

Hapo kale, kale sana, ukungu ulishuka bondeni laini kama pamba. Miti ikawa kama inaelea. Wanyama wakipishana njiani waliulizana, "Ni nani wewe?"

Asubuhi moja Mama Paa aliamka, mwanawe hayupo. Akaita. Akalia. Ukungu ukaimeza sauti yake.

Chiriku akaruka juu ya mgunga. Yeye ndiye aliyewapasha wanyama habari zote. Akaimba:

"Fisi kamla, Fisi kamla,
mwana wa Paa, Fisi kamla!"

Wanyama wakamkimbilia Bi Pofu, mnyama mkubwa mwenye pembe ndefu, mwamuzi wa bonde. "Fisi auawe!"

Bi Pofu akamweka Fisi pangoni, naye akalala mlangoni. Akasema, "Nimesikia kelele. Ushahidi sijasikia. Kesi ni keshokutwa. Mwenye kujua jambo aje aseme."

Siku ya pili Chiriku akaimba:

"Ana damu, ana damu,
mdomoni ana damu!"

Na kweli, damu ilikuwapo. Wanyama wakaja wengi kuliko jana, wakapiga kelele mpaka majani yakapukutika.

Bi Pofu akasema, "Nimesikia kelele. Ushahidi sijasikia."

Siku ya tatu Chiriku akaimba:

"Kakiri, kakiri,
Fisi mwenyewe kakiri!"

Loo! Fisi hakuwa amesema hata neno moja.

Nyani akaokota jiwe. "Bi Pofu, ondoka hapo mlangoni, ama tutakupiga na wewe!"

Akalitupa. Jiwe likampata Bi Pofu begani, damu ikachirizika. Bi Pofu hakuondoka.

"Mkitaka kumwua kabla hajasikilizwa, piteni juu yangu," akasema. "Leo ni Fisi. Kesho Chiriku ataimba jina la nani?"

Nyani akaokota jiwe la pili. Hapo Mama Paa akapenya katikati ya umati, macho yamemvimba kwa kulia.

"Mwana ni wangu," akasema. "Nataka kumsikia huyu Fisi. Nyamazeni."

Wakarudi nyuma.

Fisi akatoka, mkia katikati ya miguu. "Mwanao sikumla, mama. Hii damu ni yangu."

"Imetoka wapi?" akauliza Bi Pofu.

Fisi akainama. "Naona haya kusema."

"Nitasema mimi," ikajibu sauti kutoka nyuma. Alikuwa Nungunungu, anajikokota kwa kuchechemea. "Siku ile mwana alipopotea, alikuja shimoni kwangu alfajiri, anataka kunila mimi. Nikamjaza miiba mdomoni. Akagaagaa mlangoni kwangu, analia, mpaka jua likawa utosini. Simpendi Fisi. Simpendi hata kidogo! Lakini mwana wa Paa hakumla."

Bi Pofu akamwambia Fisi afungue mdomo. Miiba mitatu, bado imekwama.

"Nungunungu, mbona hukusema tangu juzi?"

"Kwa kelele zile, Bi Pofu, nani angenisikia?"

Bonde likawa kimya, kimya kabisa, hata umande ukasikika ukidondoka. Na ndani ya kimya kile, kutoka kwenye matete, ikaja sauti nyembamba kama uzi:

"Mama… mama…"

Wakakimbia wote. Mwana wa Paa alikuwa amezama kwenye tope hadi kifuani. Siku tatu aliita. Siku tatu walipiga kelele.

Wakamvuta. Mama yake akamlamba tope. Nyani akaliangusha jiwe lake. Chiriku akafungua mdomo, wimbo haukutoka.

Fisi akataka kujiondokea polepole. "Ngoja wewe," akasema Bi Pofu. "Ile ya Nungunungu nayo ni kesi. Utasikilizwa, naye atasikilizwa."

Basi wanangu, hata yule msiyempenda, msikilizeni kabla ya kumhukumu. Wengi wakipiga kelele, haki haisikiki, na aliyepotea haokolewi.

Hadithi yangu imefika. Naitua hapa, aliyeipenda aibebe aende nayo.