Dari la Sultani Lililohamia Nyikani

Alikuwapo katika mji wa Shangamu sultani jina lake Haidari bin Ghalibu, mwenye majumba na ngamia na ulimi uliotangulia akili yake kila safari. Binti yake Salha alipotea nyikani akiwa na miaka mitatu, akalelewa na jini Dahmani pamoja na kundi la nyani, na alipotimiza kumi na tano wawindaji wakamrudisha, na mji ukapiga ngoma siku saba.

Wakamweka ndani kama mwali, na somo wake, Bi Mwanakheri, akamfundisha kuinamisha macho na kusema kwa sauti ndogo. Maskini Bi Mwanakheri! Mwezi haukuisha, Salha alikuwa ametoroka mara nne.

Mara ya nne Sultani akapandwa na hasira, akanena mbele ya baraza: "Wallahi, usiku wowote binti yangu asipolala chini ya dari langu, kuanzia leo, mke wangu Shawana ameachika talaka tatu!"

 Sultani akaangua kilio, maana hakuna aliyempenda duniani kama Shawana, na kiapo kilikwisha toka.

Bi Shawana hakungoja mtu. Alasiri ile ile akaingia nyikani, akamkuta bintiye juu ya mgunga.

"Mwanangu, baba yako ameapa: usiku usipolala chini ya dari lake, mimi si mke wake tena."

Salha akalia. "Mama, kule hata kupumua naomba ruhusa. Lakini siwezi kukuvunjia nyumba." Akaanza kushuka.

Jini Dahmani, aliyekuwa amekaa chini ya mgunga akisikiliza, akakuna pembe yake. "Bibi, hebu nikumbushe. Alitaja dari tu? Kuta hakuzitaja?"

Akaruka, na kabla ya magharibi akarudi na dari zima, boriti na popo wake, akalitandaza juu ya migunga minne.

Huko mjini mvua ikanyesha. Sultani na kadhi, waliomwona jini akipaa na dari kuelekea nyikani, wakajifunika sinia la pilau.

"Kadhi, mke wangu je?"

"Ndoa yako imesimama, maulana. Nyumba ndiyo iliyoondoka."

Asubuhi Sultani akaenda nyikani kwa miguu, akapiga hodi chini ya dari lake mwenyewe. Nyani mzee alikuwa amekalia mahali pa heshima.

"Baba," akauliza Salha, "utaniapia tena?"

"Sitaapa tena, mwanangu. Nionee huruma, nipishe nikae karibu na mama yako."

Salha akamsogeza nyani. Wakaishi hapo kwa raha, na aliyekuwa na shauri na Sultani alimfuata huko huko. Nanyi wenye wana, wafuateni waliko, maana kuwafungia hakukumfaa hata mwenye enzi.