Upande Ulioangukia Chini

Mume wa Asteria aliua pofu, swala mkubwa kama ng'ombe. Kwa desturi, upande wa mnyama ulioangukia chini ulikuwa wa jumbe.

Jumbe Mapunda alifika na vikapu vinne. "Aliviringika," alisema. "Pande zote mbili zimegusa ardhi yangu. Pofu mzima wangu."

Asteria aliutazama uchanja wake wa kukaushia nyama, ukiwa mtupu, na wanawe sita.

"Baba Jumbe, basi kilichogusa ardhi ni chako, kisichogusa changu?"

"Kama utakiona, mama!"

"Apa, majirani wasikie."

Jumbe akaapa huku akicheka. Akashika hata mguu wa pofu, ili Asteria achune upesi. Nyama ikapangwa juu ya majani ya migomba.

Asteria akaikunja ngozi, akamtwisha. "Nenda salama, Baba. Iliyogusa ardhi ni hii. Nyama ilikuwa ndani."