Firigisi ya Baba Kidawa

Hapo zamani, na wala si zamani ya majitu, ni zamani ya juzijuzi tu, chupa za plastiki zimeshajaa madukani, alikuwepo Muheza fundi bomba mmoja akiitwa Singano. Bomba likivuja, aitwe Singano. Tangi likigoma, aitwe Singano. Mwenyewe alikuwa akijipiga kifua na kusema hakuna kitu cha majimaji kilichowahi kumshinda. Basi sikilizeni kilichomshinda. Kilikuwa maziwa, tena nusu kikombe.

Singano alikuwa na binti mmoja, Kidawa, wa mwaka na miezi minne. Mkewe Somoe alikuwa mwalimu, anatoka alfajiri. Kazi za bomba zilikuwa za kuokoteza, kwa hiyo mtoto alishinda na baba. Kila ikifika saa nne asubuhi, Singano humpakata, humtia chupa mdomoni, naye Kidawa humshika kidole gumba, akanyonya mpaka macho yakalegea. Saa hiyo Singano aliipenda kuliko wali wa nazi. Hakumwambia mtu. Fundi wa mji mzima, angeanzia wapi?

Siku ya kliniki, muuguzi akamfunua Kidawa mdomo. "Mama, haya meno ya mbele yameanza madoa. Analala na chupa huyu. Mwachisheni, anywe kwa kikombe."

Somoe akakubali. Singano naye akakubali, kwa mdomo.

Jumatatu yake, mama mkwe, Bi Mwanjaa, akashuka kutoka Amani na jogoo mwekundu kwapani. Nanyi mnajua mambo ya nyumba zetu: kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke haigusi, mtoto haiombi. Singano alipomwona jogoo yule, aliiona firigisi kwanza, manyoya baadaye.

"Huyu tutamchinja Ijumaa," akasema Bi Mwanjaa. "Na firigisi ataila atakayemwachisha mjukuu wangu chupa."

"Mama," akasema Singano, macho chini kwa adabu ya ukwe, "firigisi si ina mwenyewe?"

"Inaye, mwanangu. Ijumaa tutamjua."

Mnacheka? Singano hakucheka. Tangu aoe hajawahi kula kuku akakosa firigisi, sasa aje aikose mbele ya mkwe, chini ya bati alilolipigilia mwenyewe!

Wa kwanza kujaribu akawa Somoe. Kila alasiri akirudi shule huchukua kikombe kidogo, akatia maziwa ya kulowesha midomo tu, akakiinamisha taratibu. Kidawa akakitazama kikombe, akamtazama mwenye kikombe, akageuza uso. Somoe hakuchoka. Tone moja. Tone la pili. Mtoto anatema, mama anafuta. Mtoto anakohoa kidogo, mama anangoja. Siku tatu hivyo, mpaka Kidawa akajua kumeza bila kunyonya, ila kunywa kwa hiari yake alikataa katakata.

Wa pili akawa Bi Mwanjaa. Huyo hakuwa na habari ya tone wala nini. Alitoa shubiri kwenye pindo la kanga, akaipaka kwenye chuchu ya chupa. "Mama yake nilimwachisha ziwa hivihivi," akasema. Kidawa akaitia mdomoni, akakunja sura, akaitupa chupa mpaka uani. Bibi akamletea bilauri ya maziwa. Kidawa akaitazama bilauri, akamtazama mwenye bilauri, akageuza uso.

Wa tatu akawa Singano. Ee, hapo ndipo mlipopangojea. Alichukua kikombe cha plastiki, akakitoboa chini, akafunga koki ndogo, akazungushia tepu, akakininginiza kwenye msumari. "Sayansi hii," akasema. Kidawa akakitazama kikombe, akamtazama mwenye kikombe. Kabla hajageuza uso baba mtu akafungua koki, maziwa yakamruka mtoto puani. Nyumba nzima ikawa kilio. Jirani aliyekuja kuuliza kuna msiba gani aliambiwa ni koki tu.

Sasa nitawaambia jambo ambalo Singano alimficha kila mtu. Jumatano, Bi Mwanjaa alipokwenda kusalimia watu, Singano aliichukua chupa, akaiosha shubiri yote kwa sabuni. Alhamisi, saa nne, mkwe kaipaka upya, kaenda sokoni kununua nazi, Singano akaiosha tena. Firigisi aliitaka, naam. Lakini saa nne yake aliitaka zaidi.

Akapasha maziwa, akayapoza kwenye kopo lake la bati, lile la kunywea uji. Nusu akaitia kwenye chupa, nusu ikabaki koponi. "Njoo mama, njoo kwa baba." Kidawa akainusa chupa, akaisukuma. Ameshatiwa hofu. Singano akambembeleza, wapi! Basi mwanamume yule akakaa mkekani, ndevu zake na heshima zake, akaitia chupa mdomoni mwake mwenyewe. "Mmm! Tamu, mwanangu. Mtazame baba." Akafumba macho, akanyonya.

Kidawa akamtazama. Akaangua kicheko. Kisha akalikumbatia kopo la baba kwa mikono miwili, akaliinua, akanywa. Yakamwagika kidevuni, yakamwagika tumboni, mengine yakaenda yanakotakiwa. Akanywa mpaka akaliona bati la chini, akaligonga sakafuni. "Ena!" Yaani, tena.

Singano alipofumbua macho, mlangoni amesimama mama mkwe na kikapu chake. Nyuma yake Somoe, kapitia nyumbani wakati wa mapumziko. Mtoto ana kikombe, baba ana chupa. Hata kuitoa mdomoni alisahau.

Tokea hapo Kidawa hakuigusa chupa tena.

Ijumaa jogoo akaiva. Somoe akaichota firigisi kwa upawa, akaishikilia juu ya bakuli... hapana, juu ya sinia, tuseme ukweli, maana mwenye kusimulia naye ana njaa.

"Yangu hii," akasema Somoe. "Nani alimfundisha kumeza, tone kwa tone? Bila mimi angepaliwa na hilo kopo."

"Yangu," akasema Bi Mwanjaa. "Bila shubiri yangu angeiacha chupa kwa lipi? Angekuwa ananyonya mpaka aolewe."

"Yangu mimi," akasema Singano. "Kopo alilonywea la nani? Aliyemchekesha mpaka akalishika nani?" Akanyoosha sahani. Kisha mkono ukarudi wenyewe. "Lakini, mama, nisamehe. Shubiri yako niliiosha. Mara mbili. Mie nilitaka anyonye. Nilikuwa naogopa, akishaweza kikombe, saa nne hatakuwa na haja nami. Nimefunga mabomba ya mji mzima, nikaja kumwonea wivu kikombe."

Bi Mwanjaa akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yakatikisika, na hadi leo haijulikani kama alikuwa akicheka au akilia. Upawa wa Somoe ulibaki juu.

Hapo Kidawa akaja akiyumbayumba na kopo lake, akajikweza mapajani kwa baba bila kuitwa, akamshika kidole gumba. Mkono wa pili ukainua kopo, akanywa.

Basi, wasikilizaji wangu, sinia lipo, firigisi inapoa, na mtoto hana meno ya kuitafuna. Somoe alifundisha, lakini mtoto hakunywa. Bi Mwanjaa alitisha, lakini mtoto hakunywa. Singano aliharibu kazi ya wote wawili, na mtoto akanywa. Akaungama pia, wakati hakuna aliyemuuliza. Mimi sisemi kitu, maana mke wangu yuko hapa ananitazama. Semeni nyinyi: upawa ungekuwa mkononi mwenu, firigisi ile mngemtilia nani?