Matanga ya Magunia Mia

Hapo zamani, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na mji uitwao Mwanzege, na mtawala wake akiitwa Sultani Fumo Twalibu. Ghala lake lilikuwa kubwa, ukiingia mlango huu kijana, unatokea mlango wa pili una mvi. Kila gunia aliliandikia siku yake ya kufa, na siku hiyo ikipita, marufuku kuliwa hata na kuku. Na huku nje njaa imekaza, panya wenyewe wameshahama.

Basi mwaka huo magunia mia ya mchele yakapitisha siku yao. Sultani akamwita Kibwana Mshangama, mchimba makaburi, fukara ambaye wanawe walikuwa na siku mbili hawajatia kitu mdomoni.

"Kibwana, kayazike haya."

Kibwana akachota mchele, akausugua kiganjani, akanusa. "Bwana wangu, mchele huu ni mzima kuliko mimi. Nipe nikawalishe watoto."

"Siku yake imepita jana! Huo ni maiti. Uzike kama wazikwavyo maiti wa mji huu, usiache hata jambo moja. Ukila punje, nakukata kichwa."

"Nisiache hata moja, bwana?"

"Hata moja!"

"Nimesikia na kutii."

Ikawa Kibwana katoka mbio, akapiga mbiu: "Msiba kwa Sultani! Maiti mia!" Loo! Mji mzima ukamiminika, na kilio kile kikaangusha nazi minazini. Gunia la kwanza likapakiwa jenezani, likazungushwa mtaa kwa mtaa, likarudishwa kungoja wenzake. Kisha watu wakaingia uani kwa Sultani, wakatandika mikeka, wakakaa.

"Hawa wanangoja nini?" akauliza Sultani.

"Chakula, bwana. Mfiwa ndiye huwalisha waliokuja kumpa pole, siku tatu kwa kila maiti. Nawe umefiwa na mia."

Waziri akahesabu vidole vyake, akaazima na vya mlinzi. "Siku mia tatu, bwana!"

"Na samli yako inakufa Jumanne," akasema Kibwana. "Tende Alhamisi. Pole sana, bwana. Sisi hatutakuacha peke yako."

Ajuza mmoja, Bi Mwatime, akamwita mpishi: "We mwanangu! Mchuzi wangu usitie pilipili nyingi!"

Sultani jasho likamtoka. "Kibwana, natokaje hapa?"

"Bwana, hata mtu hatumziki kwa kuambiwa tu. Kwanza tunamwangalia kama kweli kafa. Fungua magunia."

Yakafunguliwa. Tisini na saba, mchele mweupe pe, hauna mdudu wala harufu. Matatu yalikuwa yamelowa, yameota ukungu wa kijani, ukiyasogelea pua inataka kuhama uso. Hayo Kibwana akayafukia chini kabisa, asije kuku akayafukua. Mchele mzima ukapikwa. Sultani akaonja kijiko, akaonja sahani, akaonja sinia. Watoto wa Kibwana wakala mpaka wakalala palepale, mikono ingali sahanini.

Basi Sultani akafuta amri yake, akamkabidhi Kibwana ufunguo wa ghala, kisitupwe kitu wala kuliwa mpaka yeye akitazame na kukinusa. Kisha akawageukia watu: "Haya, msiba umekwisha. Nendeni makwenu."

"Twende wapi?" akasema Bi Mwatime, akijinyoosha mkekani. "Yale matatu si yamekufa kweli?"

Sultani akacheka mpaka kilemba kikadondokea mchuzini. Nao wakakaa siku tisa kamili.